Njuga na Pweza wa Uroa

Juzi nilimpeleka binti yangu kwa mwalimu wake wa ngoma ya Kihindi, bibi mmoja wa Mji Mkongwe anayefundisha tangu mimi sijaolewa. Kwake mwanafunzi hupiga miguu mitupu sakafuni miezi na miezi. Njuga hafungi mpaka bibi amvishe kwa mkono wake.

Akaingia bwana mmoja wa hoteli ya Uroa. Viatu hakuvua, shikamoo hakutoa. Akaziokota njuga mkekani, akazitikisa kama anayeita mbuzi.

"Bibi, nnataka wasichana Jumamosi. Wavishe hizi, wachezecheze tu."

"Hawajawa tayari, mwanangu."

"Kwani wageni wanajua?"

Bibi alizichukua njuga taratibu, akazigusisha kwenye paji la uso, akazirudisha mahali pake. Kisha akawageukia watoto: "Haya, tena."

Damu ilinichemka mimi. Ati wageni hawajui! Huko huko Uroa pweza hapikwi mpaka apigwe, apigwe, alainike. Basi Jumamosi bwana huyu awaandalie wageni wake pweza asiyepigwa, maana hawajui.

Meno yao yatajua.