Sauti ya Tatu

Harufu ya klorini hunirudisha darasani. Nikipita kwenye wodi iliyotoka kudekiwa, au jirani akisafisha tangi lake la maji, husimama kidogo na masikio yangu huanza kusikiliza yenyewe. Wanangu hunicheka. Ngoja niwasimulie ninyi, labda hamtanicheka.

Kijiji chetu kiko kaskazini mwa Kigoma, pale milima inaposhuka moja kwa moja hadi majini, na mtu akiteleza shambani kwake anaweza kuangukia juu ya dagaa wa jirani walioanikwa. Miaka ile ya wakimbizi, watu wa Burundi walitujia kwa boti na kwa miguu, wakawa wengi kuliko sisi wenyeji. Walilala ufukweni, kanisani, msikitini, na mwishowe shuleni. Kipindupindu kilipoingia, chumba cha mwisho cha shule, kile kinachotazama ziwa, kiligeuzwa wodi. Walioingia humo si wote waliotoka kwa miguu yao. Baadaye wengi walichukuliwa kwa meli kupelekwa kambini, chumba kikamwagiwa dawa, kikapakwa chokaa, kikafungwa. Bibi yangu alisema kwa Kiha maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama, "Chokaa hufunika ukuta, kilio haikifuniki."

Ndipo akaja Mwalimu Veridiana, mwanamke mrefu kutoka Kasulu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Alimwomba mwalimu mkuu aruhusu sisi wa darasa la sita na la saba tuwe na vipindi vya kuchagua baada ya chakula cha mchana: kushona, useremala, bustani, na muziki. Mwalimu mkuu alikubali vitatu vya kwanza upesi. Muziki ulimkwama kooni.

"Mtihani hauulizi nyimbo," alisema mbele ya gwaride zima.

"Haujauliza bado," Mwalimu Veridiana akajibu, nasi tukacheka mpaka tukakemewa.

Tuliambiwa tusimame nyuma ya mwalimu wa somo tulilolitaka. Nyuma ya cherehani watu walisukumana. Nyuma ya Mwalimu Veridiana tulisimama wachache, mimi na rafiki yangu Rehema mbele, tumeshikana mikono. Kisha tukatajiwa chumba tutakachotumia, kile cha mwisho, na ule mstari mfupi ukazidi kufupika.

Chumba kilikuwa baridi hata jua likiwaka. Ile dawa ilikuwa imeingia ndani ya saruji, ikatuwasha macho. Dirisha moja lilitazama ziwa, lakini lilikuwa juu mno kwetu, tukaona anga tu. Mwalimu alitugawa: sauti ya kwanza upande wa ukuta, sauti ya pili, mimi na Rehema tukiwamo, upande wa mlango. Tukajifunza wimbo mfupi wa kupalilia, bila kinanda wala ngoma, midomo na viganja tu.

Kipindi kilichofuata Rehema alinifinya. Chini ya sauti zetu mbili palikuwa na sauti nyingine, ya tatu, nyembamba, isiyo na maneno, ikipita katikati yetu kama maji yanayotafuta njia kati ya mawe. Tulipomaliza ilimaliza nyuma yetu kidogo.

"Nani anaimba sauti ya tatu?" Mwalimu aliuliza. "Sijaifundisha."

Tulitazamana. Mtoto mmoja wa darasa la saba akaanza kulia, tukatoka mbio tukiacha hata viatu.

Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba wafu wa chumba cha mwisho wanaimba. Wazazi walikwenda kwa mwalimu mkuu. Baba yangu mwenyewe, mtu asiyeogopa dhoruba ya ziwa, alisema sitakanyaga tena pale. Mwalimu mkuu, nadhani kwa nafuu fulani, akatangaza kwamba Ijumaa kitakuwa kipindi cha mwisho, na yeye atakuja kukifunga. Mama ndiye aliyeniruhusu kwenda. "Kama ni wafu, watakuwa wanamjua Mungu kuliko sisi," alisema.

Ijumaa tulikuwa watoto wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja tu. Mwalimu mkuu alisimama nyuma, kofia kichwani. Mwalimu Veridiana akatuambia polepole, "Tutaimba. Nikiinua mkono, nyamazeni hapohapo, hata katikati ya neno."

Tukaimba. Mkono ukainuka. Tukanyamaza.

Sauti ya tatu ikaendelea peke yake.

Sitaki kuwaongopea: nilijikojolea. Sauti ile sasa ilikuwa na maneno, ya Kirundi, yanayokaribiana na Kiha chetu: *hora, mwana, hora*, nyamaza mwanangu, nyamaza. Ilitoka chini ya dirisha. Mwalimu akatoka nje, nasi tukabaki tukisikia hatua zake zikizunguka ukuta. Aliporudi alikuwa amemshika mkono mwanamke aliyejitanda kitenge kilichopauka, miguu imejaa mchanga.

"Shikamoo, mama," tulisema, kwa sababu hatukujua la kusema.

Alikuwa Mama Dezire. Meli ya kambini ilimwacha kwa sababu alijificha mlimani siku ya safari. Mwalimu mkuu alimuuliza, kwa upole kuliko nilivyotarajia, anatafuta nini shuleni.

"Namfuata mwanangu," alisema. "Nilimwacha humu. Tangu hawa waanze kuimba, namsikia."

"Yupi, mama?"

Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Yule mdogo. Anachelewa kidogo, lakini anajua."

Tuligeuka wote. Mlangoni palikuwa na jua tu sakafuni.

Mwalimu mkuu alifungua mdomo. Mwalimu Veridiana alimwahi. "Wa sauti ya pili, sogeeni," alituambia. "Mwenzenu hana pa kusimama."

Tukasogea. Rehema alinikanyaga kwa woga. Tukaimba wimbo ule toka mwanzo, Mama Dezire akiwa kati yetu, macho yake mlangoni, akitabasamu kama mzazi yeyote siku ya kufunga shule. Mwalimu mkuu alivua kofia, akatoka bila kufunga chochote.

Mama Dezire alikuja kila kipindi hadi mvua zilipoisha. Alitufundisha nyimbo za kwao na namna ya kupiga makofi ya kupokezana. Wazazi walipomwona kwa macho yao, darasa likajaa. Pale mlangoni tuliacha nafasi ya mtu mmoja, bila kuambiwa. Kisha siku moja alisema, "Leo ameshiba," akatuaga mmoja mmoja, akapanda boti ya kwenda kwa ndugu zake kambini.

Utotoni niliamini kwamba Mwalimu Veridiana alimwona yule mtoto. Tuligombana na Rehema juu ya jambo hilo miaka mingi. Ilibidi nizae, na nimzike mmoja, ndipo nijue jinsi watu wanavyoharakisha kukufungia mlango: usilie, mshukuru Mungu, utapata mwingine. Hakuna aliyesogea.

Nilimtembelea Mwalimu Veridiana kwao Kasulu, akiwa mzee, nikamuuliza kama kweli alimwona.

"Nilimwona mama yake," alisema.

Nilikunywa chai yake nikaaga. Sikumwambia kwamba mimi, Ijumaa ile, niliposogea, nilimsikia mtu akivuta pumzi pembeni yangu, katika ile nafasi tupu ya mlangoni, kabla ya kuanza kuimba.