Herufi Mbili za Daktari

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yetu ya miwani, amekumbatia faili la plastiki, vumbi limempanda mpaka kwenye soksi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wamemwagwa mitaani kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo kwa wiki sita, kila mmoja na barua ya shule yenye muhuri. Kwetu walikuwa wamekwisha kupita saba tangu asubuhi. Bosi aliwarudisha wote bila kuinua kichwa.

"Tumejaa," akamwambia na huyu.

Binti alichungulia ndani. Tulikuwa watatu tu: bosi, dada wa kaunta anayeuza fremu, na mimi kwenye mashine ya kusagia lenzi.

"Mmejaa nini, bosi? Naona viti viwili havina mtu."

Bosi akainua kichwa. "Unajua nini wewe?"

"Sijui kitu. Ningekuwa najua ningekuja kuomba kazi."

"Milango mingapi imekufukuza?"

"Kumi na moja. Wa kumi na mbili ni huu, kama unataka uhesabiwe."

Ndivyo alivyopata kiti. Bosi alipenda watu wenye mdomo, ilimradi mdomo wenyewe usimrudie yeye. Alimuuliza anataka kuwa nani, akajibu daktari wa macho, na tangu dakika ile jina lake kwetu likawa Daktari. Lilikuwa jina la kejeli, lakini yeye aliliitikia kama amepewa pamoja na cheti chake.

Aliwekwa kwangu nimfundishe. Mimi niliishia darasa la saba, nikaingia karakana ile kushika ufagio, na wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita ya kusaga lenzi. Nikipitisha kidole ukingoni najua kama itaingia kwenye fremu au itapasuka. Lakini mtu akinitazama usoni maneno hunikauka, na sijawahi kujua yanakoenda.

Daktari alishika kazi upesi. Siku ya nne alikuwa anatia alama kwenye lenzi, anaishika kwa pembeni, anafungulia maji kabla jiwe la kusagia halijapata moto. Mimi mambo hayo yalinichukua mwaka mzima. Sikumwonea wivu kwa hilo, kwa kweli nilifurahi. Shida ilikuwa ulimi wake.

"Mjomba, hii tisini kwenye karatasi ya vipimo ni ya nini?"

"Ndipo lenzi inapolalia."

"Kwa nini tisini na si sitini?"

"Karatasi ndivyo inavyosema."

"Kwa hiyo miaka ishirini na sita unafuata karatasi tu. Kasuku naye angeweza, tatizo lake hana vidole."

Dada wa kaunta alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia fremu. Kuanzia hapo ukawa mchezo wao wawili. Nikitamka neno la kitaalamu kombo, Daktari anasema, "Mwacheni, hilo halikufika darasa la saba." Nikinyamaza, dada anasema, "Anatafuta jibu, faili lake liko mbali." Nilikuwa nacheka pamoja nao. Mtu mzima akichekwa na mtoto hana pa kuuweka uso.

Mchana mmoja, dada akiwa ametoka kwenda kula, yule binti akaniambia mambo yake bila mzaha hata mmoja. Mama yake alikuwa fundi cherehani, anashona viraka kwenye sare za watoto wa watu, na karo ya muhula uliofuata hakuwa nayo. Miezi miwili kabla, binti alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo kwenye idara ya macho ya hospitali kubwa. Idara ile huchukua wanafunzi wawili tu kila likizo, kutoka shule zote. Anayefanya vizuri, daktari mkuu humwandikia barua, hospitali ikamlipia shule na baadaye chuo.

"Hawajanijibu," akasema. "Mlango wangu ni ule, mjomba. Huku kwingine kote nachungulia dirishani tu."

Jumatano ya wiki ya pili wakajibu. Alikuja na barua mkononi. Amechaguliwa. Athibitishe kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na asiyethibitisha nafasi yake atapewa anayemfuata kwenye orodha.

Bosi aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Nimerudisha watu kwa ajili yako," akasema. "Ukitoka hapa umetoka. Siweki kiti cha mtu anayejaribu makalio yake kwingine. Chagua."

"Nimeshachagua, bosi. Mtu haachi jicho akashika miwani."

"Haya. Ila Ijumaa mpaka saa sita uko hapa, unanimalizia fremu zilizoagizwa na shule. Usipomaliza, hizo wiki mbili zako sizitii sahihi."

Ijumaa asubuhi aliandika barua yake kwenye meza yangu, kwa haraka, fremu zimemzunguka. Kila Ijumaa mimi ndiye niliyepeleka hospitali miwani iliyokamilika, kwa hiyo akaniomba nimpelekee. Nikakubali. Nilipotaka kuitia mfukoni akanishika mkono.

"Isome kwanza, mjomba. Kwa sauti. Tuone darasa la saba lilikuachia nini."

Nikasoma. Nilisoma jina la hospitali, nikasoma anashukuru kwa kuchaguliwa, nikafika mahali alipoandika: "Napenda kuwataarifu kuwa nimeamua kujitoa kwa moyo wote katika nafasi mliyonipa."

Hapo nikasimama. Niliwahi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na siku nilipokiacha walinipa karatasi ya kujaza iliyoandikwa juu, kwa herufi kubwa, FOMU YA KUJITOA. Alitaka kuandika kujitolea. Herufi mbili hazikuwepo, L na E, na bila hizo barua ilikuwa inawaambia watu wa hospitali kwamba hataki.

"Umekwama wapi?" akauliza. "Kwenye mkato?"

"Mpe muda," dada wa kaunta akasema. "Anaunganisha silabi, zisije zikamkatika."

Wakacheka. Nikasoma mpaka mwisho.

"Nzuri," nikasema.

"Asante, mwalimu," akasema, akaniinamishia kichwa kwa mzaha.

Kutoka karakana mpaka hospitali ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Bahasha haikuwa imefungwa. Kalamu nilikuwa nayo, wino mweusi kama wake. Kwenye ukuta wa ghala la saruji niliegemea, nikaitoa barua, nikalitazama lile neno. Nafasi ya kupachika herufi mbili kwa juu ilikuwepo, kama walimu wetu walivyotufundisha kusahihisha. Nikasema moyoni, msomi ni yeye, na wanaoipokea ni wasomi, wataelewana wenyewe. Nikairudisha ndani.

Sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira ningeweza kusema baadaye kwamba hasira ilinipofusha. Nilikuwa na raha ndogo tu, kama ya mtu aliyepata kivuli akiwaona wengine bado wako juani, na raha ile nilitembea nayo mpaka dirishani kwa karani.

Karani aliifungua mbele yangu, kalamu sikioni.

"Huyu naye amejitoa?" akaniuliza.

Alinitazama akingoja jibu. Hakuwa na haraka, foleni nyuma yangu ilikuwa ya watu wawili.

"Mimi nimeleta tu," nikasema.

Akagonga muhuri. Akavuta daftari la majina, akapiga mstari mmoja kwa rula, na nilipokuwa bado nahesabu miwani ya kumkabidhi muuguzi nikamsikia akimpigia simu mzazi wa mtoto wa tatu kwenye orodha.

Jumatatu saa nne asubuhi Daktari aliingia karakana. Alikuwa amevaa koti jeupe alilokuwa ameshonewa na mama yake, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Alituambia yote pale pale, kwa pumzi moja. Karani alimwambia kwamba alishajitoa mwenyewe. Akabisha, akasema kujitoa maana yake mtu kuutoa moyo wake wote. Karani akamjibu, "Binti, hapa mtu akijitoa tunamsaidia kutoka." Wagonjwa kwenye benchi walicheka, hata waliofungwa bandeji macho yote mawili. Mtoto wa tatu alikuwa ameshaingia, ameshika sinia la dawa za matone.

Bosi alimwacha amalize. Kwenye kiti alichokuwa akikaa alikuwepo binti mwingine, aliyepokelewa Jumamosi.

"Daktari," bosi akasema, "kile kiti unakiona?"

"Nakiona, bosi."

"Kina mtu?"

"Kina mtu."

"Basi macho yako mazima. Hospitali huna shida nayo."

Dada wa kaunta alicheka. Alicheka kicheko kile kile walichokuwa wakinicheka wote wawili, hakukipunguza wala kukiongeza. Daktari akanigeukia mimi. Sijui alitaka niseme nini. Nikawasha mashine, maji yakaanza kurukia jiwe, na mtu akiongea mashine ikiwa inazunguka husikii.

Alizunguka tena na faili lake, lakini wiki ya tatu ya likizo nani anapokea mwanafunzi. Mama yake alikuja siku moja kumwomba bosi walau aandike wiki sita badala ya mbili. Bosi alimsikiliza vizuri, akampa kiti, akamwambia yeye hapimi macho ya mtu kwa kumhurumia, na karatasi hazijazi kwa huruma pia. Yule mama alishukuru, akaondoka. Shule iliandika "hakukamilisha" kwenye ripoti ya binti. Karo haikupatikana. Muhula ulipofunguliwa, mama yake aliifumua sare ya binti, akaipunguza, akamshonea mtoto wa jirani.

Hayo nayajua kwa sababu mtaa wetu hauna siri. Yeye mwenyewe sikumwona miaka mitatu, mpaka alipoajiriwa kwenye duka la kutoa nakala, nyumba ya nne kutoka karakana. Bosi alikuwa akinituma kila wiki kutoa nakala za karatasi za vipimo. Nilimkuta nyuma ya mashine, amekonda, nywele amezifunga kwa kitambaa. Alisema, "Habari za kazi, mjomba," nikasema nzuri. Tuliendelea hivyo karibu miaka miwili. Hakuniuliza chochote, na ile mizaha yake sikuisikia tena.

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa likizo, wanafunzi wamejaa mitaani na bahasha zao. Mbele yangu alikuwepo mwanafunzi mmoja aliyetaka nakala kumi za barua ya kuomba nafasi. Daktari aliisoma barua kabla ya kuilaza kwenye kioo. Nikayaona macho yake yakienda, yakasimama, yakarudi nyuma, yakaendelea. Kisha akabonyeza kitufe. Nakala zikatoka kumi, mwanafunzi akashukuru, akaenda.

"Kulikuwa na kosa?" nikamuuliza. Sijui nilitoa wapi sauti.

"Matatu. Moja kubwa, ameandika jina la kampuni nyingine."

"Hukumwambia."

"Aliniuliza?"

Aliweka karatasi zangu kwenye mashine. Mwanga ukapita chini ya kioo, ukarudi. Nikaona nisiposema siku ile sitasema tena.

"Lile neno lako nililiona," nikasema. "La kujitoa. Nililiona wakati nasoma."

Hakugeuka. Alingoja nakala ya kwanza itoke, akaigusa kuona kama imekauka.

"Nilikuona uliposimama," akasema. "Nikadhani kusoma ndiko kunakokushinda. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mama, tukacheka."

Nakala zikaendelea kutoka. Ilipotoka ya tano akauliza, "Pale dirishani karani alikuuliza kitu?"

"Aliniuliza kama umejitoa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mimi nimeleta tu."

Mashine ilipomaliza akazikusanya karatasi, akazigonga juu ya kaunta upande mmoja, akazigeuza, akazigonga upande wa pili mpaka zikawa sawa, akazibana kwa pini. Nilidhani atalia au atanitukana, na yote mawili nilikuwa nimeshayatengenezea uso. Akanisukumia karatasi zangu.

"Nane hizo, mjomba, zihesabu," akasema. "Na kuanzia wiki ijayo bosi wako atume mtu mwingine."