Kofia Nilizozifuta

Wiyoni nzima, mtaa wetu, nilikuwa nimeitangazia kwamba msichana mimi ni fundi wa kompyuta. Ufundi wenyewe niliuokota kwenye video za simu, na shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto haiulizi cheti. Nilikwisha kujipangia duka, rangi ya mlango, hata mahali pa feni. Kilichobaki ni mteja.

Mteja akawa jirani yetu, mama mtu mzima anayeshona kofia, zile nyeupe za nakshi za mkono. Mwanawe wa Mombasa alikuwa amemletea kompyuta mpya, haijatimiza hata mwezi. Akaniita kwa sauti niende mlangoni kwake: "Ndoo, mwanangu, unikuzie maandishi haya. Macho yamechoka."

Kukuza maandishi ni kazi ya dakika moja. Ningeyakuza nikaenda zangu. Lakini nilikuwa sijawahi kushika kompyuta mpya maishani mwangu, nikaanza kuhubiri. Nikamwambia mfumo uliokuja nayo ni mzito, una virusi. Mimi nitamwekea mfumo mwingine, Linux, bure kabisa, wanaitumia mpaka wataalamu wakubwa wa dunia.

"Linuksi?" akasema. "Haya. Mradi si haramu."

Tukacheka. Virusi sikuwa nimeviona wala kuvitafuta. Nilitaka tu kuijaribu Linux kwenye mashine isiyokuwa mkweche wa kuazima.

Nikachomeka flashi, nikaiwasha upya, mambo yakaenda mpaka nikajiona daktari. Kisha ukaja ukurasa unaouliza kama diski yote ifutwe. Kwenye video kila fundi husimama hapo na kuonya: hakikisha vitu vya mwenyewe vimehifadhiwa kwingine. Nikajiambia, mpya hii, itakuwa na nini? Hata hivyo nikauliza, kwa adabu tu.

"Bi, niifute yote?"

Alikuwa ameinamia kofia yake, uzi katikati ya meno. "Ifute, mwanangu, ifute. Vumbi la ndia hii halina haya."

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kwamba anasema vumbi la njia. Nikatabasamu, nikabonyeza.

Ilipokwisha, kioo kikang'aa rangi nzuri. "Mashallah," akasema, akaivuta kompyuta karibu. "Sasa nifungulie kofia zangu."

"Kofia gani, Bi?"

Ndipo akanieleza. Mjukuu wake alipokuja likizo, walizunguka pamoja nyumba kwa nyumba wakiazima kofia za zamani, za mababu, zenye nakshi ambazo siku hizi hazishonwi tena. Kofia tisa. Wakazipiga picha kwa simu, mjukuu akazitia kwenye kompyuta, kisha akazitoa simuni apate nafasi. Hii kompyuta ilinunuliwa kwa ajili ya picha hizo, azikuze aone kila tundu, azishone upya kabla macho hayajamwacha kabisa.

Siku mbili nilihangaika na programu za kurudisha vilivyopotea. Nilipata nusu ya picha moja, na chini yake kijivu kitupu. Aliponiuliza imekuwaje, mdomo ukanitangulia.

"Si nilikuuliza, Bi? Ukanambia nifute."

Akanitazama, akaitazama kompyuta. "Kweli, nalisema. Basi nisamehe, mwanangu, nimekutaabisha bure."

Na mimi, sijui niliumbwa na nini, nikamsamehe. "Hamna neno, Bi," nikasema, kisha nikala mahamri yake.

Wiki iliyofuata aliniomba nimfuate na simu yangu, tukaazime kofia upya. Nyumba ya kwanza tuliipata kofia bila maneno. Ya pili, Bi alipoeleza kwamba picha zimefutika, mwenye nyumba, mama mcheshi, alipiga makofi kwa kicheko. "Yeo umerudi tena? Eti umezifuta mwenyewe? Kompyuta na wewe wapi na wapi! Shika sindano yako, bibi wee!"

Bi akacheka naye, kicheko kidogo cha mtu anayetaka kukopeshwa kitu. Nikalivuta buibui langu, nikasogea mbele yake.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Yeye alidhani namuuliza nipanguse vumbi. Nami nilijua anadhani hivyo."

Kicheko kikakatika. Bi hakugeuka. "Kumbe," akasema. Kisha akaipokea kofia, akaniwekea juani niipige picha, na njia nzima alikuwa mbele yangu hatua kumi.

Tulipata saba. Ya nane ilikuwa imeuzwa kwa mgeni. Ya tisa, kijana wa nyumba ile alikwenda nayo Kiunga kwa mashua, upepo ukaitia majini. Hiyo ndiyo Bi aliyoipenda kuliko zote.

Tuliporudi alichukua penseli na kitambaa, akaanza kuichora kwa kukumbuka. Duara la juu lilimjia. Pembeni mkono ukasimama. Akachora mistari miwili, akaifuta kwa kidole, akachora tena. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ya pili, akanigeukia.

"Mistari ilikuwa inakutana hapa, au ilikuwa ikipishana?"

"Sijui, Bi."

"Si ulikuwa na kompyuta mchana kutwa? Hata mara moja hukuzitazama picha?"

"Sikuzifungua," nikasema.

Akashusha macho kwenye kitambaa, akaendelea kuchora.