Kozi Niliyotaka Kuiruka

Bado naikumbuka, mwanangu, siku niliyojiona daktari hata kabla sijaingia darasani. Nacheka nikiikumbuka, na wewe cheka tu, ruhusa unayo.

Nilikuwa nimepokelewa kusomea udaktari wa lojistiki, elimu ya kusafirisha na kugawa mizigo. Kabla ya kugusa tasnifu, sharti tufaulu kozi tatu: takwimu, upangaji wa njia, na elimu ya foleni, yaani namna watu na mizigo wanavyongoja. Ukianguka moja, jina lako linafutwa. Hiyo ya tatu ilinikera. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimepanga safari za malori ya bidhaa hapa Kolwezi, leo mtu anifundishe foleni? Nikaandika barua ya kuomba nisamehewe.

Mwalimu wa kozi hiyo, tuliyemwita Tata Profesa, yaani Baba Profesa, mzee mfupi mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio, hakugomba. Aliniambia nipange safari za unga wa muhogo kutoka Kasaji mpaka soko la Dilala. Mpango ukiwa mzuri, angetia sahihi. Nilikesha nao siku mbili. Lori langu halikupoteza nafasi hata ya gunia moja: likijaa, linaondoka. Niliupenda mpango ule, nikauchapa kwa rangi.

Profesa hakuusoma. Tulipanda taksi-moto moja, pikipiki ya abiria, sisi wawili nyuma ya dereva, mpango umebanwa katikati yetu, mpaka kwenye meza ya Mama Kapinga, muuza unga.

"Musomee huyu," akasema.

Nikasoma kwa mbwembwe. Mama Kapinga akauliza, "Gari itatoka siku gani?"

"Ikijaa, mama."

"Ikijaa? Ile siku iko kisha Mardi ao mbele ya Jeudi?" Alizitaja Jumanne na Alhamisi kwa Kifaransa, akacheka mpaka chekeche likamponyoka. "Gunia yangu ya kwanza itangoja ya mwisho, unga inaoza, batu ya kununua banaenda kwa mwingine. Mi nataka gari ya nusu, lakini nijue siku yake!"

Niliona aibu, mwanangu, masikio yakawaka moto. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumfikiria mtu anayengoja upande wa pili.

Profesa akanirudishia barua yangu bila sahihi, taratibu. "Weye unajua kutuma. Kungoja, haujayifunza."

Basi nikakaa darasani na vijana wadogo kwangu, nikaanguka jaribio la kwanza, nikaomba nifundishwe na waliozoea kuniita mama. Mtihani niliupita kwa kuponea chupuchupu. Siku ya kutetea tasnifu, Mama Kapinga alikuja na kitenge chake cha Jumapili. Majaji walipotangaza kuwa nimefaulu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Docteur! Gari itatoka siku gani?"

"Jeudi, mama! Ijae, isijae, inatoka!"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nililia kwa furaha.

Sasa kozi ile naifundisha mimi, na wewe juzi uliniletea fomu niitie sahihi ili usamehewe kozi ileile. Umesema unaijua kazi. Naamini unaijua. Sitatia sahihi. Kaa darasani, uliza maswali hata yanayokuaibisha, na kila mpango utakaoandika kamsomee mtu atakayeungoja mzigo wake.

Mungu akupe mwalimu asiyekuonea haya na muuza unga wa kukucheka mapema. Na siku utakapotetea, mwanangu, nami aniweke hai nije nikae nyuma, nikuulize gari inatoka siku gani.