Aliyetia Bega Chini ya Kayaki

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, jua la saa saba liko utosini, katika barabara ya Kilwa, enzi za Mwingereza. Sikuwa nimelala wala sikuwa nimelewa. Tangu kuzaliwa sijaonja hata tembo la mnazi. Nilikuwa na hasira tu.

Nilikuwa dereva wa Mzungu mmoja mpima mito. Udereva wenyewe ulikuwa na miezi miwili. Kabla ya hapo nilikuwa mfagiaji wa gereji pale Chang'ombe, tena mfagiaji wa kuitwa kwa mluzi, na niliapa sirudi tena kwenye ufagio ule. Sasa bwana huyu akapata safari ya Rufiji, akataka kwenda na vyombo viwili vya majini: mtumbwi wa mbao aliouchongesha hapa hapa, na kayaki aliyoletewa kutoka kwao. Kayaki unaijua? Ni mtumbwi mwembamba, umefunikwa juu kote kwa turubai, umeachwa tundu moja tu la mtu kukaa. Vyote viwili viwekwe juu ya pikapu, kwenye chanja la vyuma. Na nyuma ya pikapu nivute tela la kambi, kijumba cha bati juu ya magurudumu mawili, ndani mna kitanda, meza, masufuria, mpaka beseni la kuogea.

Mwenyewe alitangulia asubuhi na gari lake dogo. Aliniachia maneno machache.

"Alasiri uwe Mbagala. Kayaki ikipata mkwaruzo mmoja, lete funguo, rudi kwenye ufagio wako."

Haya, niambie, wewe umewahi kuvuta tela? Ukirudi nyuma ukakata kulia, lenyewe linakwenda kushoto, kama mtu mliyegombana jana. Kona ya kwanza tu, mikia ya vyombo ikagonga bati la tela, ngwa! Nikashuka, nikalegeza kamba, nikavisogeza mbele kidogo. Kona ya pili, ngwa! Nikasogeza tena. Mpaka natoka Temeke, pua za vyombo zimepita boneti, zimeinama mbele ya gari usawa wa kifua cha mtu, nami nachungulia barabara katikati yake. Na ile kayaki nilikuwa nimeiviringishia shuka jeupe la bafta, jua lisiunguze turubai. Hilo shuka ndilo lililonimaliza.

Fikiria mwenyewe. Kitu kirefu, chembamba, kimefunikwa shuka jeupe, kiko juu ya gari linalokwenda polepole. Sisi watu wa pwani tukikiona tunafanya nini? Penye banda la kahawa watu wote wakasimama. Mwuza samaki akatua tenga lake chini. Wengine wakaja mbio kabisa, wapate kutia bega hatua mbili tatu, maana jeneza halipiti mbele ya mwanamume akaliangalia tu. Analipokea, anakwenda nalo kidogo, kisha mwingine naye anampokea yeye. Na kila aliyefika aliuliza lile lile.

"Msiba wa nani, ndugu?"

"Si msiba, ni mtumbwi."

"Mtumbwi umevikwa sanda?"

Mara ya kwanza nilieleza vizuri. Mara ya tatu nikaeleza kwa mkato. Ilipofika mara ya sita nilikuwa natukana kimoyomoyo. Kamba zikilegea, nashuka kufunga, wananizunguka kuuliza. Tela likizama mchangani, nashuka kuchimba, wananizunguka kuuliza. Wallahi nilikaribia kulia. Kwa nini nisilivue lile shuka? Nililivua mara moja. Turubai likaanza kunuka moto, nikalirudisha haraka.

Tulipokwisha kupita Mtoni, tela likazama tena, safari hii gurudumu zima. Njia ilikuwa tupu, hapana mtu mbele wala nyuma. Nilipiga magoti nikawa nachota mchanga kwa sahani ya bwana, jasho linaniingia machoni. Nikasikia nyuma yangu sauti ya taratibu.

"Msiba wa nani, ndugu yangu?"

Sikugeuka hata kumtazama.

"Wa bwana wangu!" nikasema. "Kafa asubuhi, tumemkunja akaenea humo, nampeleka Mbagala kumzika. Umeridhika?"

Nilitegemea acheke, au anitukane nami nimtukane, roho yangu ipoe. Hakufanya hata moja.

"Na hana wabebaji?" akauliza, kwa huruma kabisa.

"Hana. Nani atambeba huyo?"

"Basi mie nipo."

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilimwona mtu wa makamo, kanzu yake safi, kofia kichwani, miguu mitupu. Alikwenda mbele ya gari, akainama, akatia bega la kulia chini ya pua ya kayaki, akasema bismillahi. Nikasikia gurudumu la tela linajitoa mchangani. Mimi nimeshika sahani, sijaligusa. Lilipanda lenyewe mpaka kwenye udongo mgumu, likatulia.

Nilipaswa kumwambia ukweli pale pale. Neno moja lingetosha: ndugu, nilitania, humu hamna mtu. Lakini nikalitazama jua, nikaukumbuka ufagio. Nikapanda, nikatia gia.

Nilidhani atatoka njiani. Gari likashika mwendo wa mtu, akatembea nalo. Nikakanyaga mafuta. Maili kumi kwa saa, anatembea. Maili ishirini, minazi inapita mbio kando yangu, na yeye yuko mbele ya kioo, mgongo wake mweupe, anatembea. Hakukimbia, niamini. Hatua zake zilikuwa zile zile za mtu anayesindikiza maziko, na vumbi halikuigusa kanzu. Nikapiga honi, hakugeuka. Ukiniuliza kwa nini sikusimama, nitakujibu kwa aibu: safari ilikuwa imenyooka. Tela halikuyumba tena, kamba zilikaza zenyewe, mashimo tulikuwa tunayapita kama hayapo. Niliogopa, na huku moyoni nahesabu kwamba nitawahi.

Tulipoanza kuikuta mikorosho ya Mbagala, akasema bila kugeuza kichwa, na sauti yake nikaisikia kama yuko kitini pembeni yangu.

"Nipokee, ndugu yangu. Nimechoka."

Nikazidi kukanyaga mafuta. Baada ya kitambo akaomba tena, na tena mara ya tatu, kwa adabu ile ile. Mimi nimeshika usukani, macho kwenye jua.

Bwana nilimkuta amesimama kando ya gari lake, saa iko mkononi. Alasiri ilikuwa bado. Aliizunguka kayaki, akaipapasa, hakuona mkwaruzo. Kisha akagusa shuka pale puani, akanusa vidole vyake, akakunja uso.

"Kwa nini inanuka dawa hii?"

Nikasogea, nikanusa. Ilikuwa karafuu maiti. Na yule mtu alikuwa amesimama pale pale, kiwiko chake karibu kimguse bwana, wala bwana hakumwona.

"Tumefika," aliniambia. "Bwana wako aliyekufa ni yupi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akamtazama bwana juu mpaka chini, taratibu.

"Huyu mbona mzima?"

"Mzima."

"Na humu mna nani?"

"Hamna mtu," nikasema. "Niwie radhi, kaka yangu. Nilikuwa na hasira."

Hakukasirika. Heri angekasirika! Alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akafika akakuta mlango umefungwa.

"Bega langu umelitumia bure," akasema, "na nilipokuomba unipokee hukunipokea. Haya. Lako nalichukua."

Akanigusa bega la kulia, vile mtu anavyomgusa mwenzake akitaka kumpokea jeneza, akashika njia akaingia kwenye mikorosho. Bwana akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia naomba maji.

Kazi nilibaki nayo. Bwana alinisifu mbele ya watu, nikaendesha magari yake mpaka alipoondoka nchini. Bega haliniumi wala halijapooza. Gunia la mchele nalibeba kwa bega hilo hilo, ukitaka njoo unitazame. Lakini baada ya miezi michache jirani yetu wa Temeke alifariki, nami nikaingia mbio kutia bega. Jeneza likainama upande wangu kana kwamba pembe ile haina mtu. Nilikuwa nimelishika, nimesimama wima, mti wa jeneza umenikaa shingoni, na uzito siusikii kabisa.

"Toa bega, wewe, unamwangusha maiti!" watu wakanipigia kelele.

Nikahamia bega la kushoto, ikawa vile vile. Mazishi mengine, vile vile. Watu waliamini mimi mnyonge, kisha wakaamini mimi mvivu, mwisho wakaacha kunipisha.

Nilivumilia yote hayo mpaka alipokufa mama. Mama alinizaa mimi tu, hakuna mwingine. Alikuwa akiniambia tangu utotoni kwamba hana wasiwasi wa siku yake, mbebaji anaye. Nilimwosha kwa dua tu, kwa kuwa kuosha ni kazi ya wanawake, nikabaki na hilo moja la kumfanyia. Nikaweka bega. Jeneza likainama, shuka likateleza, na mjomba wangu akanishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tupishe." Nikatoka. Nikawa nyuma kabisa ya msafara, mikono mitupu, natazama mama anavyopokelewa na wapita njia ambao hata jina lake hawakulijua. Nililia mpaka makaburini, na watu walidhani nalia msiba.

Nimezeeka sasa, na hasira zangu zimekwisha. Wewe unayenisikiliza, ukiulizwa njiani umebeba nani, nawe hukubeba mtu, sema hukubeba mtu, hata ukiulizwa mara mia, hata kama mbele yako kuna bwana anayeangalia saa. Na mtu akikuomba umpokee, simamisha gari, shuka, umpokee.