Nilimnunulia mdogo wangu kayaki ya gunia tatu, akapoteza shamba la baba

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Ninayoandika hapa si chai. Yamenikuta mimi mwenyewe na hayanipi sifa yoyote. Aliyekuja kutafuta kicheko apite nyuzi nyingine, huu hauna.

Niko Ifakara, nauza spea za pikipiki. Ni mtu wa mwili, kilo tisini na kitu. Mdogo wangu wa kike, tumwite Skola, ni mfupi na mwembamba. Kilo arobaini na tatu, na hapo ameshiba.

Baba yetu alikuwa na shamba la mpunga bondeni, upande wa kijiji cha Mbingu. Njiani kuna mto mdogo ambao kiangazi unavuka kwa kukunja suruali tu. Masika unatanuka unakuwa kama ziwa, bila chombo hufiki. Baba ndiye alikuwa anamvusha Skola kwa mtumbwi. Skola alikaa mbele na jembe lake, hakuwahi kushika kasia.

Baba alifariki mwaka juzi. Mtumbwi wenyewe ulikuwa umeshaoza.

Sasa kwetu shamba la ukoo halina hati, ni la anayelilima. Baba mdogo akasema mbele ya watu wote: Skola alime, lakini masika yakimshinda, shamba atapewa mwingine. Skola hana mume wala mtoto. Lile shamba ndilo lilikuwa maisha yake.

Akanipigia simu: "Kaka, nitafutie chombo ninachokiweza mwenyewe."

Nilisikia "nitafutie chombo". Hayo mengine niliyaruka.

Kuna kambi ya watalii kando ya mto ilikuwa inafungwa, wanauza vitu. Nikakuta kayaki mbili. Kwa wasiojua, kayaki ni kama mtumbwi wa plastiki, unakaa umenyoosha miguu, na kasia lake lina bapa pande zote mbili. Moja nyekundu, fupi na nyembamba. Nyingine ya njano, ndefu, pana, ina viti viwili.

Nikajaribu nyekundu. Makalio yakagoma kuingia, nilipoyalazimisha ikazama nusu. Nikatoka nimenuna. Nikasema hiki ni kitu cha watoto.

Aliyekuwa anauza ni kijana mmoja aliyewahi kuwatembeza watalii mtoni, jina lake Method. Akaniuliza, "Bosi, atakayepiga kasia ni nani? Ana kilo ngapi?"

Mimi nikamuuliza, "Hii ya njano inabeba gunia ngapi?"

Watu wa bonde mtanielewa. Kwetu chombo kinapimwa kwa gunia. Huu mtumbwi wa gunia tano, ule wa gunia kumi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza uzito wa mpiga kasia, tangu nizaliwe.

"Tatu inabeba," akasema. "Lakini mlete mwenyewe akae humu kwanza. Aguse maji kushoto na kulia. Akilazimika kuinama ili ayafikie, hiyo siyo yake bosi."

Nikaona ananizungusha. Nikakaa kwenye ile ya njano, imetulia kama kitanda. Nikachukua. Kasia nikachagua refu, na jaketi la kuelea nikachukua linalonitosha mimi.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nauza spea. Kila siku naona mtu mfupi kanunua pikipiki ndefu, miguu haifiki chini, anaanguka nayo ikiwa imesimama. Nawacheka. Halafu nikaenda kufanya yaleyale kwa damu yangu.

Tulipoishusha kule Mbingu, Skola aliizunguka mara mbili. Akajaribu kuivuta peke yake kuelekea majini, haikusogea. Nikaisukuma mimi. Alipokaa, ubavu ulimfika karibu na kwapa. Kila akichovya kasia anainama upande, na miguu imenyooka tu haifiki pa kukanyaga. Jaketi lilimpanda hadi masikioni.

"Kaka, hii inanizidi."

"Utazoea," nikamwambia. "Na siku ya kuvuna utanishukuru, gunia tatu si mchezo."

Nikarudi Ifakara nikijisikia kaka wa maana kweli.

Wiki tatu alivuka hivyohivyo kwa shida, akiomba watu wamsaidie kuivuta. Halafu siku moja, kama saa nane mchana, anarudi kutoka shambani, upepo wa mvua ukaanza. Sasa elewa hapa. Chombo cha gunia tatu kikibeba mtu wa kilo arobaini na tatu peke yake kinaelea juujuu. Upepo unakipeleka unakotaka. Ukaigeuza kayaki ubavu, ukaanza kuisukuma kwenda kwenye matete, kule ambako kila mtu anajua viboko wanalala.

Skola akainama sana ili kasia lifike majini. Akatumbukia.

Kayaki haikuzama, tatizo ni kurudi ndani. Ubavu ni mrefu, kayaki ni pana, mikono haifiki upande wa pili. Alijaribu mpaka nguvu zikaisha, akabaki ameshikilia kamba ya mbele, jaketi limemkaba shingo. Wavuvi wawili walimkuta hivyo mvua ikiwa imeshakatika. Alikuwa hawezi kuongea. Jembe na chakula vilikwenda.

Hakuumia mwili. Lakini tangu siku hiyo akifika ukingoni anageuka nyuma. Alijaribu tena mara mbili, akaishia kukaa chini na kulia. Akanipigia kunieleza, na mimi nikamwambia aache utoto.

Mpunga ulipoanza kubeba hakuna mtu wa kulinda ndege. Kwerea, wale ndege wala mpunga, wanajua kazi yao. Skola alipofika baada ya maji kupungua, alikuta mabua matupu.

Baba mdogo akaitisha kikao. Nilikwenda, nikamwamkia shikamoo, nikakaa. Skola alikuwa mkekani karibu na mlango, ameinamisha kichwa.

Baba mdogo akaniuliza mimi, "Wewe ndiye kaka yake. Chombo ulichomnunulia kina kasoro?"

Wakuu, nilikuwa na nafasi pale. Watu wote wananiangalia. Nikawaza jinsi nilivyojisifu, na jinsi watakavyoniona mjinga wa mjini.

Nikasema, "Chombo ni kizima baba. Nilikikalia mwenyewe, hakitikisiki. Ni woga wake tu."

Kikao kikaishia hapohapo. Shamba akapewa mtoto wa baba mdogo. Skola hakubisha. Aliinua kichwa akaniangalia mara moja, halafu akaenda kufunga nguo zake. Siku hizi yuko Sanje, anauza ndizi za mtu barabarani.

Ningeendelea na maisha yangu, sitawadanganya. Lakini mwezi uliopita nilikuwa mtoni nikaiona ile kayaki nyekundu. Anaipiga mama mmoja muuza samaki, mwembamba kama Skola, labda hata kumzidi. Upepo upo, ndoo ya kambale iko mbele yake, na yeye anakuja moja kwa moja. Akashuka, akaivuta mwenyewe kwa mkono mmoja mpaka nchi kavu.

Nikamuuliza kama aliwahi kupiga kasia zamani.

"Wapi! Nimeanza mwaka huu," akasema. "Yule kaka aliyeniuzia alinikalisha humu kwanza, akanikatia na kasia la kunitosha. Akanipindua makusudi nijifunze kupanda. Nilimtukana siku hiyo."

Nilikaa kwenye pikipiki yangu pale muda mrefu nikashindwa kuiwasha. Mdogo wangu hakuwa mwoga. Alikuwa kwenye chombo nilichojinunulia mimi.

Keshokutwa yake nikaenda Sanje. Nikamkuta anapanga mikungu. Nikamweleza yote, kayaki nyekundu, maswali ya Method, yule mama wa samaki. Nikamwomba msamaha. Nililia, sioni aibu kusema.

Alinisikiliza huku akiendelea kupanga ndizi. Nilipomaliza akasema, "Hayo mimi niliyajua tangu siku ya kwanza, kaka. Nilikwambia."

Akaweka chini mkungu mwingine.

"Usiniambie mimi. Kaseme palepale uliposema kwamba ni woga."

Akamgeukia mteja.

Basi, mnaowatafutia chombo wake zenu, dada zenu au mtu yeyote mwepesi ambaye ndiyo kwanza anaanza: msikikalie nyie. Akae yeye. Aguse maji pande zote bila kuinama, miguu ipate pa kukanyaga, akivute mwenyewe, na apinduliwe penye kina kifupi aone kama atapanda tena. Kasia na jaketi viwe vya mwili wake. Gunia waachieni wenye lori. Na akikwambia kinamzidi, mwamini hapohapo.

Hilo ndilo funzo, na mnaweza kulichukua mkaenda.

Mimi limebaki jingine. Tangu Skola aniambie vile ni wiki ya tatu. Kutoka dukani kwangu hadi kwa baba mdogo ni mwendo wa pikipiki tu, asubuhi unaenda, mchana umerudi. Kila Jumapili navaa, natoa pikipiki nje, halafu naona kazi nyingine ya kufanya. Na huko shambani yule mtoto wa baba mdogo ameshaanza kusafisha kwa ajili ya msimu.

Kama kuna aliyewahi kurudi mbele ya ukoo kuifuta kauli yake, aniambie alianzaje. Nimeweza kuwaeleza nyie nisiowajua, lakini kule bado sijaenda.