Nyumba ya Rangi ya Maji

Saa mbili asubuhi, Bi. Elieshi Mmari yuko juu ya ngazi katika jumba dogo la maonyesho ya picha katikati ya London, anapaka ukuta rangi ya kijivu. Ghafla anashuka, anafuta mikono kwenye ovaroli na kwenda kusimama mbele ya picha iliyolazwa mezani.

"Njoo uone maajabu!" anamwita mwandishi wa makala haya. "Huyu bwana aliyeichora hakuwa mtu wa kawaida, nakwambia."

Picha yenyewe haizidi ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Ilichorwa kwa rangi ya maji zama za Malkia Viktoria na msanifu majengo mmoja: jumba la tajiri huko mashambani, la matofali mekundu. Moshi unapanda kutoka juu ya paa. Pazia linapepea nje ya dirisha, na mlangoni amesimama mama mmoja na mbwa wake. Ukiitazama sana unatamani kubisha hodi.

"Na nyumba ilikuwa bado haijajengwa!" Elieshi anasema, mikono kichwani. "Hata tofali moja! Yeye keshawasha moto ndani. Jamani!"

Elieshi, 54, ni mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Anaishi Woolwich, jijini humo, na kazi ya kupaka rangi nyumba za watu ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita alipigiwa simu na Vijay, msimamizi wa jumba hilo, Mhindi mzaliwa wa Kisumu anayeishi Kingsbury. Kwa Kiswahili chake, Vijay alimweleza kwamba chumbani kuna rangi ya maji ya zaidi ya miaka mia, kwa hiyo awe mwangalifu.

Elieshi alidhani anaambiwa habari za ukuta.

"Akanijibu, 'Miaka mia? Hiyo haifai tena, tutaikwangua yote tupige msasa,'" Vijay anasimulia huku akicheka hadi machozi. "Wee! Nilikaribia kuzimia. Lakini siku alipoiona picha, huyu dada aliacha kazi akabaki kuitazama. Nikamletea kiti."

Vijay alimfafanulia kwamba wasanifu wa zamani walichora hivyo kwa sababu matajiri wengi hawakuelewa ramani. Mwenye mali alipoiona nyumba ina uhai, alikubali ijengwe.

"Hapo nikamkumbuka mama," anasema Elieshi. "Nililia mbele za watu, sikujali."

Mama yake, Bi. Aikande, ana miaka 79 na anaishi peke yake katika nyumba ya mbao aliyoijenga marehemu mumewe. Mchwa wamekula nguzo. Masika yaliyopita ukuta wa nyuma ulianguka akiwa amelala chumba cha pili. Elieshi alimpelekea ramani ya nyumba mpya mara mbili, na mara mbili akaikataa.

"Alisema, 'Mistari mitupu hii, mimi nalala wapi? Hiyo ni nyumba ya mtu mwingine.' Kila mvua ikinyesha kule, mimi huku silali."

Basi akanunua rangi za kuchorea, akakaa mezani jikoni Jumapili tatu mfululizo akiichora nyumba ile mpya. Migomba ya kwanza, anakiri, ilitoka kama miavuli iliyovunjika. Juzi akapiga picha mchoro wake na kuutuma nyumbani kwa WhatsApp. 

Tukiwa bado tunazungumza, simu yake inaita. Anaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii nyumba nimeiona."

 Vijay anasogea karibu kusikiliza.

"Migomba umeipanda karibu mno na dirisha," anasema Bi. Aikande kwa ukali. "Chumba changu kitakuwa giza."

"Nitaisogeza, mama. Nitaisogeza leo leo!"

Simu inapokatika, Elieshi anamshika Vijay mabega na kumtikisa.

"Umesikia? Amesema chumba changu! Desemba nakwenda kuchimba msingi."